Tairi la Gari kwenye Pikipiki: Namna ya Kuamua Kabla Hujampelekea Fundi Rimu

Kwa dereva wa bodaboda ambaye tairi lake la nyuma ni 3.00-17 au 3.00-18, swali la kufunga tairi la gari kwenye pikipiki haliwezi hata kuanza, kwa kuwa hakuna gari dogo linalovaa tairi jembamba kiasi hicho. Swali hili lilikolea kwingine, miongoni mwa waendeshaji wa pikipiki nzito za safari ndefu nchini Marekani, na mfano wake maarufu ni Honda Gold Wing. Pikipiki hiyo, ambayo tangu toleo la 2001 ina injini ya silinda sita yenye ukubwa wa takriban sentimita za ujazo 1,832 na uzito unaozidi kilo 360 kabla mtu hajaipanda, huvaa nyuma rimu ya inchi 16, na inchi 16 ni kipimo ambacho duka lolote la matairi ya gari linacho. Hapo ndipo mikono ilipoanza kuwawasha watu. Waliobadili, wakifuata bei nafuu na umri mrefu wa tairi la gari, hujiita kwa utani watu wa "upande wa giza", na wenzao waliobaki na matairi ya pikipiki huwaona kama watu wanaochezea roho zao.

Huku kwetu ugomvi huo huingia kwa milango miwili. Wapo wanaonunua pikipiki kubwa za mtumba kutoka nje, na mtu anaweza kufungua boksi akakuta gurudumu la nyuma limevaa tairi la gari. Wapo pia mafundi na madereva wanaoliona guta la mizigo, chombo chenye usukani na injini ya pikipiki, likitembea kwa matairi yanayofanana na ya kipikapu, kisha wakauliza swali la haki kabisa: kama linamfaa huyu, kwa nini lisimfae yule? Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa namna ambayo mimi mwenyewe ningependa kuulizwa na fundi mwaminifu kabla hajashika jeki.

Anza kwa kuuliza kama chombo kinalala

Swali la kwanza halihusu bei wala uimara wa tairi. Ni hili: chombo chako kikiingia kwenye kona, kinalala au kinabaki wima? Pikipiki ya magurudumu mawili haigeuki kwa kukata usukani kama gari. Hugeuka kwa kulala, na mwendeshaji anayetaka kwenda kushoto huusukuma kidogo mkono wa kushoto wa usukani mbele ili pikipiki ilalie kushoto. Kwa sababu hiyo tairi lake limechongwa duara kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mfano wa mgongo wa yai, ili kila pembe ya kulala ipate sehemu yake ya mpira wa kukanyagia. Tairi la gari ni bapa kama tofali, kwa kuwa gari halilali.

Umbo hilo la duara lina kazi nyingine ambayo wengi hawaifahamu, na unaweza kuithibitisha mezani. Chukua bilauri yenye kitako chembamba na mdomo mpana, ilaze, kisha isukume. Haitakwenda moja kwa moja. Itazunguka, kitako kikiwa upande wa ndani wa mzunguko. Tairi la pikipiki linapolala hukanyaga kwa sehemu yenye umbo kama la bilauri hiyo, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, kwa hiyo lenyewe linakusaidia kugeuka. Tairi bapa likilazimishwa kulala, sehemu inayokanyaga huruka kutoka katikati hadi kwenye bega lake, mbali na mstari wa katikati ya pikipiki, na barabara inakuwa kama mkono unaoisukuma pikipiki isimame tena. Ndiyo maana hata wapenzi wa upande wa giza, wakisema ukweli, hukiri kwamba katika kona ndefu hawana budi kuendelea kuusukuma usukani mpaka kona iishe.

Wana jibu lao, na si jibu la kijinga. Wanasema ukuta wa tairi la gari hujipinda chini ya uzito wa pikipiki nzito, hasa upepo ukipunguzwa kidogo, hivyo sehemu kubwa ya uso wa tairi hubaki barabarani hata pikipiki ikilala. Picha nyingi walizopiga kutoka nyuma ya pikipiki zinaonyesha jambo hilo likitokea kweli. Nami nakubali kwamba linatokea. Hoja yangu ni kwamba kujipinda huko hutegemea upepo, uzito, mwendo na ugumu wa ukuta wa tairi la aina ile, na hakuna mhandisi aliyelichora tairi hilo akiwa na pembe ya kulala mawazoni. Ukikwepa mbuzi aliyekatiza ghafla, unahitaji tairi ambalo tabia yake katika nusu sekunde ile ilijaribiwa na aliyelitengeneza, si na wewe.

Chonga kipimo cha kadibodi

Kabla ya kwenda mbali zaidi, fanya jambo moja la nyumbani litakalokufundisha kuliko mabishano ya wiki nzima. Chukua kipande cha kadibodi ngumu, ukubwa wa daftari. Tafuta tairi jipya la nyuma la pikipiki yako, dukani au kwa rafiki, lipitishie kadibodi kwa upana, chora umbo lake kwa kalamu, kisha ukate kwa mkasi ukifuata mstari, mpaka kadibodi ilikumbatie tairi pasipo mwanya. Sasa nenda nacho kwenye pikipiki yako na ukiweke juu ya tairi unalotembelea kila siku.

Kama unasafiri mara kwa mara kwenye barabara zilizonyooka, utaona mwanga ukipita katikati. Kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) za katikati zimelika, za pembeni ziko karibu kama zilivyotoka kiwandani, na pale katikati pamekuwa bapa. Kwa maneno mengine, mtu aliyezoea kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa pikipiki amekwisha kuonja tairi la gari bila kujua. Mimi nililionja kwenye kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Pikipiki ilikuwa inakataa kulala, nikiilazimisha inaanguka ndani ya kona ghafla kana kwamba imevuka kizingiti, na kila kona nilikuwa naiingia mara mbili. Fundi mmoja akaniambia shokapu zimekufa, nikanunua shokapu. Kumbe kizingiti kile kilikuwa ukingo wa sehemu bapa ya tairi, na hela ya shokapu ikawa imekwenda na maji.

Weka kadibodi hiyohiyo juu ya tairi la gari lililoegeshwa jirani. Itakaa katikati tu kama kofia ndogo juu ya meza, na pande zote mbili zitaning'inia hewani. Ukiwa na mwenzako wa kukusaidia, ongeza jaribio la chaki: paka chaki nyingi kwa upana kwenye tairi la nyuma la pikipiki, mwenzako aishike imara huku imelala kidogo, muisogeze polepole juu ya sakafu ya saruji, na utazame alama. Tairi zuri litaacha utepe wa upana uleule kila unapobadili pembe ya kulala. Tairi lililolika litaacha utepe mpana, kisha, ukizidisha kulala, mstari mwembamba kama wa rula.

Soma ubavu wa tairi, lakini usiuamini kwa kila jambo

Tairi la nyuma la Gold Wing za 2001 hadi 2017 huandikwa 180/60R16 M/C 74H. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta kama asilimia ya upana. R inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi M/C ndizo unazozitafuta unapotaka kuhakikisha kwamba tairi lililoko mbele yako ni la pikipiki. Namba 74 ni kiwango cha mzigo, yaani kilo 375, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa.

Tairi la gari linalopendwa na watu wa upande wa giza kwa pikipiki hiyo ni 195/55R16, mara nyingi lile la kuta ngumu linaloweza kutembea kitambo hata likiisha upepo. Piga hesabu ya kimo. La kwanza: ukuta wa milimita 108, mara mbili, jumlisha rimu ya milimita 406.4, unapata 622.4. La pili: 107.25 mara mbili, jumlisha 406.4, unapata 620.9. Tofauti haifiki milimita mbili, kwa hiyo uwiano wa gia na nafasi kati ya pikipiki na ardhi havibadiliki kwa kiasi cha kuhisi. Wanaochagua 205/60R16 hupata kimo cha milimita 652.4, karibu asilimia 5 zaidi, na hapo injini huzunguka polepole kwa mwendo uleule huku pikipiki ikiinuka nyuma.

Kiwango cha mzigo cha tairi hilo la 195/55R16 kwa kawaida ni 87, yaani kilo 545, na mwendo ni V, kilomita 240 kwa saa. Kwenye karatasi, basi, tairi la gari limeshinda kila mahali, na hapa ndipo wengi hunaswa. Kilo 545 ni mzigo wa gurudumu linalosimama wima. Namba hiyo haikuambii neno lolote kuhusu tairi lilalapo kwa nyuzi 30 huku likibeba mzigo na kuvuta kwa wakati mmoja. Ni kama kumsifu mbeba mizigo wa bandarini kwa nguvu zake, kisha ukampa gunia acheze nalo ngoma.

Baada ya tairi, soma rimu. Rimu nyingi za pikipiki za kisasa zisizotumia tyubu hubeba alama ya MT. Za magari hubeba J. Herufi hizo zinaeleza umbo la mahali ambapo mdomo wa tairi hukaa, yaani ule ukingo mgumu wenye waya ndani yake. Watengenezaji wakubwa wa matairi hukataza kufunga tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki, na moja ya sababu wanazozitaja ni hiyo, kwamba mdomo wa tairi la gari haukuchongwa kwa ajili ya kukaa kwenye rimu ya pikipiki hata kama zote mbili zimeandikwa inchi 16. Upana nao una neno. Tairi la 195/55R16 limeruhusiwa kwa rimu za upana wa inchi 5.5 hadi 7. Pima yako kwanza, ndani ya kingo kwa ndani ya kingo, kabla hujaambiwa kwamba "inaingia tu".

Neno hilo, "inaingia tu", ndilo la kuogopa kuliko yote kwenye kijiwe cha fundi wa pancha. Mdomo mgumu unapokataa kupanda kwenye rimu, fundi hupaka povu la sabuni, hufungua kompresa, na kila mtu husubiri ile milio miwili ya mdomo kukaa: paa, kisha paa. Ukisikia mmoja tu, hamu ya kuongeza upepo huwa kubwa. Matairi mengi ya gari yameandikwa ubavuni kwamba usizidishe psi 40 wakati wa kukalisha mdomo, kwa sababu waya ukikatika kwa shinikizo kubwa tairi hupasuka likiwa mbele ya uso wa fundi. Fundi akikuambia kwamba ameongeza hadi 70 ndipo "likakubali", chukua rimu yako, mlipe kazi yake, na usilitembelee tairi hilo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuona kwa macho kama waya umeumia.

Upepo, mguu wa tairi na maji

Hoja ambayo wapenzi wa tairi la gari huipenda zaidi ni ya eneo linalokanyaga barabara, ambalo mafundi wengine huliita mguu wa tairi. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: uzito ulioko juu ya gurudumu, gawanya kwa upepo. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 280. Honda imeelekeza psi 41 nyuma kwa Gold Wing hizo, sawa na karibu kilo 2.9 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo mguu ni karibu sentimita za mraba 97, eneo la kiganja cha mtu mzima. Mwenye tairi la gari akishusha upepo hadi psi 30, kama wengi wao wanavyofanya ili ukuta ujipinde, mguu unakua hadi karibu sentimita za mraba 133. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja, na katika lami kavu, ukiwa umenyooka, huenda breki ya nyuma ikashika vizuri zaidi. Kumbuka tu kwamba ukibana breki kwa nguvu uzito hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na kazi kubwa ya kusimama hufanywa na tairi la mbele ambalo hukulibadilisha.

Sasa lete mvua. Mguu huo mkubwa umepatikana kwa kupunguza nguvu ambayo kila sentimita ya mpira inakandamiza barabara, na umekuwa mpana mbele ya maji badala ya mwembamba mrefu. Majaribio ya NASA juu ya matairi ya ndege, yaliyochapishwa mwaka 1963, yalitoa kanuni ya kukadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji: mwendo kwa noti (maili za baharini kwa saa) ni mara 9 ya kipeuo cha pili cha psi. Kwa psi 41 kanuni hiyo inatoa karibu kilomita 107 kwa saa. Kwa psi 30 inatoa karibu 91. Ndege si pikipiki, na tairi lenye kashata nzuri hutoa maji, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama ahadi. Lakini mwelekeo wake hauna ubishi: ukipunguza upepo, unaelea mapema. Gari likielea gurudumu moja, matatu yanabaki. Wewe unabaki na moja.

Kuna jambo jingine ambalo Wamarekani hulitaja kwa kupita, ingawa kwetu ni la kila siku. Barabara kuu zinazopitisha malori mazito, kama ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, zina sehemu ambapo lami imebonyea kwa njia za magurudumu, ikafanya mfereji na tuta. Tairi la duara huupanda ukingo wa mfereji polepole. Tairi bapa huukanyaga kwa bega moja, na bega hilo likiinuliwa, gurudumu zima hutaka kuinama upande wa pili, huku usukani ukivutwa na mkono usioonekana. Katika barabara pana za Texas hilo ni kero. Ukiwa kati ya lori na tuta la lami, na basi linakuja mbele, hilo si kero tena.

Piga hesabu ya fedha kwa kilomita

Sitaki kuwadharau wanaotazama mfuko, maana tairi la pikipiki kubwa ni ghali, na tairi la gari hudumu zaidi bila ubishi, mara mbili au zaidi kwa ushuhuda wa wengi walioyatumia. Ila hesabu ifanywe kwa kilomita na si kwa tairi. Tuchukue mfano wa kubuni: tairi la pikipiki kwa Sh 600,000 linalodumu kilomita 16,000, dhidi ya tairi la gari kwa Sh 400,000 linalodumu kilomita 40,000. La kwanza linakula Sh 37.50 kwa kilomita, la pili Sh 10. Kwa kilomita 10,000 za mwaka mzima unaokoa Sh 275,000. Pikipiki hiyohiyo, ikinywa lita 6 kwa kilomita 100 na lita moja ikiwa Sh 3,000, itakunywesha mafuta ya Sh 1,800,000 katika mwaka huo. Weka bei zako halisi, na huenda ukaona kwamba kinachokuuma si tairi.

Kisha soma mkataba wa bima yako, hasa kama ni bima kubwa. Tafuta kifungu kinachohusu marekebisho ya chombo na matumizi ya vipuri visivyoelekezwa na mtengenezaji. Mkaguzi akikuta tairi lisilo na alama ya M/C kwenye pikipiki iliyoanguka, amepata mahali pa kuanzia, na hautakuwa wakati wako mzuri wa kueleza nadharia ya ukuta kujipinda.

Ikiwa umeinunua tayari imevaa tairi la gari

Usiitoe bandarini au yadi ukaipeleka moja kwa moja kwenye msongamano. Iweke juu ya stendi, zungusha gurudumu kwa mkono, na upitishe kidole, injini ikiwa imezimwa, kati ya tairi na uma wa nyuma, kava la matope, waya na mpira wa breki. Tairi la gari ni pana begani, na linapopata joto na mwendo huvimba kidogo. Mahali ambapo kidole hakipiti ni mahali ambapo mpira utasugua. Kwenye Gold Wing, ambayo gurudumu lake la nyuma limeshikwa na mkono wa upande mmoja, chunguza zaidi upande wa mkono huo. Tafuta mpira uliong'aa au mikwaruzo ya duara. Soma pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Tazama na la mbele. Baadhi ya watu wa upande wa giza huenda hatua ya pili, wakafunga mbele tairi la pikipiki lililotengenezwa kwa gurudumu la nyuma, likiwa limegeuzwa mshale wake. Mshale wa ubavuni ukielekeza kinyume na mzunguko, usidhani ni fundi aliyelewa. Huenda ni mwenye nayo aliyekusudia. Vyovyote iwavyo, rudisha mbele tairi la mbele. Na hakuna hoja yoyote, hata kutoka kwao, inayohalalisha tairi la gari kwenye gurudumu la mbele.

Kama huna budi kuisogeza pikipiki hadi tairi sahihi litakapopatikana, ifanye kuwa safari fupi: bila abiria, bila mzigo, mchana, lami kavu. Tafuta kwanza uwanja mtupu na uzunguke polepole namba nane kwa nusu saa, ukijifunza ni wapi usukani unaanza kudai nguvu. Ukiona pikipiki inakataa kulala kisha inaanguka, hicho ndicho kile kizingiti nilichokutana nacho njia ya Lushoto, na hakitapungua kwa mazoea. Wewe ndiye utakayekizoea, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Vyombo visivyolala

Kwa guta, kwa pikipiki iliyogeuzwa kuwa ya magurudumu matatu, na kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni kama zile za Ural za Urusi, ugomvi huu wote huisha. Chombo hakilali, tairi bapa ndilo linalostahili, na tairi la duara la pikipiki likifungwa hapo hulika katikati upesi huku mabega yakibaki mapya. Guta la mizigo mara nyingi huvaa 4.50-12 au 5.00-12, kinachotakiwa ni kuangalia kiwango cha mzigo, kuweka matairi mawili ya nyuma ya aina na umri mmoja, na kujaza upepo sawasawa kushoto na kulia, kwani tofauti ya psi 5 inatosha kulivuta guta upande mmoja. Mwenye pikipiki ya kigari cha pembeni atazame bado suala la rimu nililolieleza, maana kutolala hakuibadilishi MT ikawa J.

Kupata umri mrefu bila kubadili aina ya tairi

Tairi la pikipiki linalokufa mapema mara nyingi huwa limeuawa na upepo mdogo. Pima kila wiki tairi likiwa baridi, asubuhi kabla hujatoka, kwa kipimo chako mwenyewe na si kile cha kituoni kilichokanyagwa na kila gari. Ukibeba abiria na mizigo fuata namba ya mzigo iliyo kwenye kitabu au kwenye stika ya pikipiki. Unaponunua, uliza tairi la safari ndefu, si la mashindano, na uliza kama lina mpira wa aina mbili, mgumu katikati na laini pembeni, kwa kuwa watengenezaji kadhaa wanautumia mpango huo kwa ajili ya watu wanaonyoosha barabara siku nzima. Lifungwe kwa kusawazishwa gurudumu, na mshale uelekee mbele. Kwa kilomita 150 za mwanzo endesha kwa upole, ukiongeza kulala kidogo kidogo, kwani mpira mpya huwa na utelezi.

Kadibodi ile usiitupe. Siku tairi jipya linapofungwa, chonga nyingine kwa umbo lake, andika juu yake tarehe na kilomita zilizo kwenye saa, na uiweke chini ya kiti pamoja na spana. Kila kilomita 2,000 ipitishe juu ya tairi. Mwanga ukianza kupita katikati kwa upana wa vidole viwili, muda wa kuagiza jingine umefika, hata kama kashata bado zinaonekana.